Tumezika Mwili, Tusizike Jina

Kufiwa na mume au mke ni msiba mzito. Siku za matanga nyumba hujaa watu. Majirani huleta unga, kuni na maji. Akina mama hupika. Akina baba hulala nje kwenye mikeka. Halafu matanga huanuliwa, na watu hurudi makwao. Hapo ndipo upweke huanza. Jioni mfiwa hupakua chakula, akashtuka kuona ameweka na sahani ya yule aliyekwisha kwenda.

Nyumba nyingi zikifika hapo huchagua kunyamaza. Jina la marehemu halitajwi tena. Mtoto akiuliza habari za baba yake, huambiwa, "Nyamaza, usimlize mama." Wanaosema hivyo hawana nia mbaya. Wanadhani wanamsaidia mfiwa. Lakini mtu asiyeweza kumtaja mwenzi wake hubaki na uchungu wake peke yake. Na watoto hukua bila kumjua mzazi wao.

Leo tuzungumze juu ya mambo mawili yanayompa mfiwa faraja. La kwanza ni dini yake. La pili ni masimulizi ya nyumbani kwake.

DINI HAIKATAZI MACHOZI

Wako wanaosema kwamba mtu mwenye imani halii. Hiyo si kweli. Mtume Muhammad alilia alipofiwa na mtoto wake Ibrahim. Katika Injili ya Yohana tunasoma kwamba Yesu alilia kwenye msiba wa rafiki yake Lazaro. Dini hutufundisha kulia bila kukata tamaa.

Dini pia humpa mfiwa muda. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10. Akiwa na mimba, eda yake huisha anapojifungua. Wakatoliki huwakumbuka marehemu wote kila tarehe 2 Novemba. Mambo hayo yanatuonyesha kwamba huzuni haiishi siku ya kuanua matanga.

Wala dini haisemi tuwasahau waliokufa. Bibi Khadija, mke wa kwanza wa Mtume Muhammad, alifariki mwaka 619. Miaka mingi baadaye Mtume aliendelea kumtaja kwa wema. Alipochinja mnyama, alipeleka nyama kwa rafiki zake Khadija. Wakristo nao wana habari za Naomi na Ruthu katika Biblia. Naomi alikuwa mjane, na mkwewe Ruthu alikuwa mjane pia. Hawakuachana. Walisafiri pamoja, wakala pamoja, na Mungu akawafungulia njia.

MJANE ALIYESHIKA KALAMU

Sasa sikiliza habari za mama mmoja wa pwani yetu. Jina lake ni Mwana Kupona binti Mshamu. Alikuwa mtu wa kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, katika nchi ya Kenya. Mume wake, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa mji wa Siyu katika kisiwa hicho hicho. Watu wa Siyu walipigana na majeshi ya Sultani wa Unguja.

Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Mkewe akabaki mjane, kisha yeye mwenyewe akaugua. Alikuwa na binti yake, Mwana Hashima. Mwaka 1858 mama huyo alitunga utendi wenye beti zaidi ya 100 kwa ajili ya binti huyo. Utendi huo unasomwa mpaka leo.

Katika utendi huo Mwana Kupona alimfundisha binti yake dini, adabu na mambo ya ndoa ya zamani zile. Lakini hakuishia kwenye mafundisho. Alimsimulia pia habari za baba yake. Alimweleza kwamba baba yake alimwoa kwa furaha. Alimwambia kwamba hawakugombana hata siku moja. Alimwambia kwamba baba yake alipokuwa akifa, alimpa radhi zake. Halafu akasema wazi kwamba tangu siku ile hajaacha kulia kila akikumbuka mazoea yao. Mwishoni aliomba dua ndefu kwa Mungu.

Ndugu msomaji, angalia vizuri. Mama huyo hakuficha machozi yake. Alimtaja mume wake mbele ya mtoto wao, na alimwomba Mungu wake. Imani na masimulizi vilikwenda pamoja.

WANAUME NAO WANALIA

Mwanamume aliyefiwa na mkewe huambiwa, "Jikaze, wewe ni mwanamume." Hujikaza mchana, akashindwa usiku. Wengine hukimbilia pombe.

Mshairi wetu Shaaban Robert wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alifiwa na mkewe. Jina la mkewe lilikuwa Amina. Shaaban Robert hakuona haya. Alimlilia mkewe katika shairi aliloliita kwa jina hilo hilo, Amina. Alimtungia pia binti yake utenzi wa mawaidha. Ikiwa mshairi mkubwa kama huyo alimlilia mkewe hadharani, na wewe una ruhusa.

WATANI WANA KAZI YAO

Wazee wetu walijua dawa hii zamani. Katika misiba mingi ya Tanzania watani huja kufanya utani. Mtani huiga jinsi marehemu alivyotembea, alivyokohoa, au alivyobana fedha zake. Wafiwa hucheka katikati ya kilio. Huo si utovu wa adabu. Ni njia ya kumrudisha marehemu kidogo katikati ya watu wake.

UFANYE NINI?

1. Litaje jina la marehemu nyumbani. Mlipo kwenye chakula, sema, "Mboga hii baba yenu aliipenda sana."

2. Simulia mambo madogo madogo. Siku ya posa ilikuwaje? Nani alipanda mwembe ule? Wimbo gani aliupenda akiwa shambani?

3. Sema kweli. Usimfanye marehemu kuwa malaika. Kama alikuwa mkali, watoto wanajua. Waeleze ukali wake, na wema wake pia.

4. Waulize wazee. Bibi, babu na shangazi wanajua mambo ya utoto wake ambayo wewe huyajui.

5. Andika. Sasa unajua kusoma na kuandika. Nunua daftari moja. Andika jina la marehemu, mwaka aliozaliwa, mwaka aliofariki, na habari moja kila juma. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Masimulizi nayo ni mali.

6. Sali kama dini yako inavyokufundisha. Usisali peke yako siku zote. Nenda na wenzako.

NA WEWE JIRANI

Usiache kumtembelea mfiwa baada ya arobaini. Ukifika, usimwambie asahau. Mwambie, "Nakumbuka siku mume wako aliponisaidia kuezeka nyumba." Maneno hayo ni zawadi.

Ukiona mfiwa hali, halali, au anasema anataka kufa, usimwache peke yake. Mpeleke zahanati upesi. Na ndugu wa marehemu wasimfukuze mjane shambani. Mtu anayefukuzwa hawezi kufarijika. Katika Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haikubali mila inayomnyima mwanamke haki yake ya kumiliki au kutumia ardhi.

Ndugu msomaji, marehemu harudi. Lakini mtoto anayejua habari za baba yake au mama yake si maskini wa kila kitu. Ana mahali pa kuanzia. Leo jioni, kabla ya kulala, wasimulie watoto habari moja tu.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini nyumba nyingi huacha kulitaja jina la marehemu?

2. Mwana Kupona alimwambia binti yake nini juu ya baba yake?

3. Je, katika kijiji chetu yuko mfiwa ambaye hatujamtembelea tangu matanga yaishe? Tutakwenda lini?