Mlezi wa biashara ndogo (Nachingwea na Ruangwa)

Mlezi wa biashara ni mtu mwenye uzoefu wa kununua, kuuza au kutengeneza bidhaa ambaye humwongoza mtu anayeanza biashara, kwa kumshauri, kumwonyesha kazi na kumkutanisha na watu anaowahitaji. Nchini Tanzania huitwa pia mshauri, na baadhi ya vijana husema *menta*. Mlezi ni tofauti na mwalimu wa ujasiriamali, ambaye hufundisha watu wengi darasani kwa muda mfupi, na ni tofauti na mkopeshaji, ambaye hutoa fedha na kudai marejesho.

Makala hii inaeleza jinsi mfanyabiashara mpya anavyoweza kumpata mlezi katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoa wa Lindi, kusini mashariki mwa Tanzania. Wilaya hizi zinategemea kilimo, hasa cha korosho na ufuta, kwa hiyo biashara nyingi ndogo huinuka na kushuka pamoja na msimu wa mazao. Anayeanza bila kuujua msimu huo anaweza kupoteza mtaji wake wote katika mwaka wa kwanza.

## Biashara ndogo ni ipi

Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya Tanzania ya mwaka 2003 inazipanga biashara kwa idadi ya wafanyakazi na kiasi cha mtaji. Biashara ndogo sana ina wafanyakazi 1 hadi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5. Biashara ndogo ina wafanyakazi 5 hadi 49 na mtaji unaozidi shilingi milioni 5 hadi milioni 200. Genge la mboga, mama lishe, fundi cherehani, wakala wa huduma za fedha kwa simu, mwenye bodaboda na duka la rejareja kwa kawaida huwa katika kundi la kwanza.

Mtaji wa biashara hizo mara nyingi ni akiba ya familia, fedha za mauzo ya korosho au mkopo wa kikundi. Hivyo anayefilisika huwaumiza na wengine: ndugu waliomchangia, au wanakikundi wenzake wanaobaki na deni la kulipa.

## Msimu na mzunguko wa fedha

Korosho huvunwa kuanzia miezi ya mwisho ya mwaka. Mkulima hupeleka mazao katika chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), kisha yanahifadhiwa ghalani na kuuzwa kwa mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika katika zao la korosho mwaka 2007. Chama kikuu cha ushirika katika eneo hili ni RUNALI, ambacho jina lake limetokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Malipo hupitia benki baada ya mnada. Kwa sababu hiyo fedha haziingii kidogo kidogo mwaka mzima, bali huja kwa mkupuo. Ufuta huleta mkupuo mwingine katikati ya mwaka.

Hali hii huamua mambo mengi ya dukani. Malipo yakitoka, watu hununua bati, saruji, pikipiki, magodoro na nguo. Miezi inayotangulia mavuno mauzo hupungua, na wateja huomba kukopa kwa kuandikwa daftarini mpaka msimu. Mfanyabiashara mpya anahitaji kujua aagize mzigo lini, amkopeshe nani na kwa kiasi gani, na abakize fedha ngapi za kumvusha miezi ya ukame wa fedha. Mambo haya ni nadra kufundishwa darasani. Anayeyajua ni mtu aliyefanya biashara sokoni hapo kwa misimu kadhaa.

Msimu wa 2018/2019 unaonyesha umuhimu wa uzoefu huo. Mwezi Novemba 2018, baada ya mvutano kuhusu bei za minadani, Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali ingenunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likapewa kazi ya kuzisomba. Malipo yalifanywa baada ya wakulima kuhakikiwa, na wengi walisubiri kwa muda mrefu. Msimu kama huo, mwenye duka aliyekopa mzigo kwa kutegemea tarehe ya malipo ya wateja wake hubaki na deni ilhali wateja hawana fedha. Aliyeupitia anaweza kumwonya anayeanza asiweke mtaji wote katika mzigo wa msimu mmoja.

Ruangwa ina pia madini ya kinywe, na shughuli za migodi huleta wateja wa chakula, malazi, usafiri na ufundi. Wateja wa aina hii huhitaji stakabadhi, namba ya mlipa kodi (TIN) na bidhaa zinazofika kwa wakati. Hapa mlezi anayefaa ni mtu aliyekwisha kuuzia kampuni au taasisi, hata kama biashara yake ni ya aina nyingine.

## Ulezi katika desturi

Wazo la mtu mzima kukabidhiwa anayeingia hatua mpya si geni kusini mwa Tanzania. Katika jando na unyago, vijana huwa na watu maalumu wa kuwafunda, na maneno *kungwi* na *somo* yanatokana na desturi za namna hiyo. Katika kazi za mikono kuna *uanagenzi*: kijana hukaa na fundi seremala, fundi cherehani au fundi pikipiki, akianza kwa kazi ndogo na kuendelea hadi kukabidhiwa kazi ya mteja. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana kwa njia hiyo nje ya mfumo rasmi.

Katika uchuuzi kuna *mali kauli*. Mwenye mali humpa kijana bidhaa bila malipo ya awali, na kijana hurudisha fedha za mwenye mali baada ya kuuza. Neno *machinga*, ambalo leo humaanisha mchuuzi mdogo popote Tanzania, kwa kawaida huhusishwa na Wamachinga wa mkoa wa Lindi na vijana wa kusini waliokwenda kuchuuza Dar es Salaam. Mgeni wa mjini alipokelewa na ndugu au mtu wa kwao, akaonyeshwa njia za kupita na bei za kuuzia. Mali kauli humpa kijana mtaji na mafunzo kwa pamoja, lakini pia humfanya mlezi kuwa mdai wake.

## Utafiti wa Dandora

Mfano unaojulikana wa kupima faida ya ulezi kwa biashara ndogo Afrika Mashariki ulifanyika Dandora, mtaa wa Nairobi, Kenya. Wanauchumi Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson walichapisha matokeo yake mwaka 2018. Wanawake vijana wenye biashara ndogo waligawanywa katika makundi. Kundi moja lilipata mafunzo ya darasani, jingine liliunganishwa na wanawake wenye biashara zilizofanikiwa papo hapo Dandora, na la tatu halikupata chochote.

Faida ya waliopewa walezi ilipanda kwa wastani wa takribani asilimia 20. Waliopata mafunzo ya darasani hawakuongeza faida. Watafiti walieleza kwamba walezi walitoa habari za mahali hapo, hasa kuhusu wauzaji wa jumla wenye bei nafuu, na hivyo gharama za wanafunzi wao zikapungua. Hata hivyo, faida hiyo ilififia kadiri wanawake hao walivyoacha kukutana na walezi wao.

Dandora ni mtaa wa jiji kubwa, na Nachingwea na Ruangwa ni wilaya za vijijini zenye miji midogo. Hata hivyo mambo mawili yanahusu sehemu zote: mlezi afahamu soko lilelile, na uhusiano uendelezwe.

## Mahali pa kumpata mlezi

* Vikundi vya kuweka na kukopa. Katika VICOBA na vikundi vinavyofanana navyo wanachama hukutana mara kwa mara na huonana jinsi kila mmoja anavyorejesha mkopo. Mwanachama anayerejesha kwa wakati mwaka hadi mwaka, na ambaye biashara yake bado ipo, ni mtu wa kufikiriwa kwanza.
* Ushirika. Viongozi na wanachama wa muda mrefu wa AMCOS wanajua mwenendo wa minada na malipo. Wanafaa kwa anayetaka kuuza pembejeo, magunia au huduma za usafirishaji.
* Soko na stendi. Mwenye duka la jumla huona maduka mengi ya rejareja yakifunguliwa na kufungwa, na anajua wateja wake wanaolipa na wasiolipa.
* Halmashauri. Afisa biashara hushughulikia leseni, na afisa maendeleo ya jamii hushughulikia vikundi. Kwa mujibu wa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Afisa maendeleo ya jamii anaweza kumwelekeza anayeanza kwa kikundi kilichokopa na kumaliza deni.
* SIDO. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, lina ofisi ya mkoa Lindi. Linafaa zaidi kwa usindikaji, kama ubanguaji wa korosho na ukamuaji wa mafuta ya ufuta, ambako vifungashio, mashine na viwango vya ubora huhitaji mtaalamu.

## Namna ya kuomba na kuendesha ulezi

Mfanyabiashara mwenye uzoefu hukwepa ombi lisilo na mipaka, hasa akihisi kwamba mwisho wake ni kuombwa fedha. Kwa kawaida anayeanza huenda saa ambayo wateja ni wachache, huamkia *shikamoo* kama inavyompasa mtu aliyemzidi umri, na huuliza jambo moja mahususi, kwa mfano kama duka la vifaa vya shule linunue mzigo mwezi Desemba au lisubiri Januari. Akishauriwa, hutekeleza na kurudi kueleza yaliyotokea. Baada ya mara mbili tatu ndipo ombi la kukutana kila wiki au kila mwezi huwa na uzito.

Jambo la kwanza la kupeleka kwa mlezi ni daftari lenye mauzo, matumizi, madeni na mzigo uliobaki. Bila daftari, mlezi anashauri kwa kubahatisha. Shukrani hutolewa kwa kazi zaidi kuliko fedha: kumsaidia dukani siku ya mzigo, kumletea habari za bei kutoka Masasi au Lindi, au kununua kwake kwanza.

## Hatari na mipaka

Mlezi wa biashara ileile katika mtaa uleule anaweza kuwa mshindani. Njia moja ya kuepuka hilo ni kumchagua mtu wa kijiji au mji mwingine: muuzaji wa Ruangwa mjini anaweza kulelewa na mwenye duka la Nachingwea, kwa kuwa misimu yao ni mmoja na wateja wao ni tofauti.

Hatari kubwa zaidi ni kufundishwa njia haramu. Katika maeneo ya korosho kuna *kangomba*, yaani kumnunulia mkulima korosho kwa bei ya chini kabla ya mnada, nje ya mfumo rasmi, mara nyingi akiwa na shida ya fedha. Serikali imeipiga marufuku. Katika uhakiki wa msimu wa 2018/2019 walioshukiwa kuwa wanunuzi wa kangomba walizuiliwa malipo. Anayeanza akiambiwa kwamba hiyo ndiyo njia ya haraka ya kukuza mtaji, anaingizwa katika biashara inayoweza kuchukuliwa yote kwa siku moja, na inayowanyonya wakulima ambao ndio wateja wake.

Kwa wanawake vijana, ulezi wa mwanamume asiye ndugu unaweza kuleta maneno ya watu au madai yasiyofaa. Kukutana dukani mchana, au kupitia kikundi, hupunguza tatizo hilo, na mlezi mwanamke huweza pia kueleza jinsi alivyogawanya muda kati ya biashara na nyumba. Mlezi akianza kudai hisa, kudhibiti fedha au kulazimisha ununue kwake tu, ulezi umekwisha na makubaliano mengine yameanza, ambayo yanafaa kuandikwa mbele ya mashahidi au kukataliwa.