Laptopu yako hubahatisha. Nani ameshika swichi?

Asubuhi pale steji ya Ukunda kuna mama anayeuza mahamri na mbaazi. Ukimpitia siku tatu mfululizo, ya nne hangoji uagize. Akikuona tu unashuka kwenye tuktuk, mahamri manne yashaingia kwenye sahani na mbaazi zishamiminwa. Unakula, unalipa, unawahi matatu ya Likoni.

Sasa siku ukija unataka chai tupu? Mbaazi zinapoa, sahani imeshikwa bure, na mteja aliye nyuma yako anaingoja sahani hiyo hiyo.

Hebu shika picha hiyo kichwani, maana laptopu yako inafanya biashara hiyo mamilioni ya mara kila sekunde.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Siku hizi nahariri video za harusi za ufuoni Diani, kwa laptopu ya mtumba. Mwaka jana ikaanza kujikokota. Fundi mmoja akaniambia prosesa imezeeka, tafuta mashine nyingine. Pesa sina. Nikaanza kuchimba mwenyewe.

Nilichokuta ni hiki. Prosesa ina kasi ya ajabu, lakini RAM iko mbali nayo. Kuchukua data kwenye kashe ya karibu kabisa huchukua nanosekunde 1 au 2. Kwenda hadi RAM huweza kufika 80 au 100. Kwa hivyo prosesa haingoji uagize. Inaangalia ulichosoma sasa hivi, inabahatisha utakachotaka baadaye, kisha inakichota mapema. Ikipatia, mambo yanateleza. Ikikosea, imejaza kashe kwa vitu visivyotakikana na kuziba njia.

Swali ni je, unaweza kuiambia iache?

Mwaka 2014 Intel ilieleza hadharani kwamba prosesa zake nyingi zina wachotaji wanne wa aina hiyo, na kila mmoja ana swichi yake. Swichi hizo zimo kwenye rejista iitwayo 0x1A4. Biti ikiwa 1, mchotaji amelala. Ikiwa 0, yuko kazini. Kwenye Linux unaweza kuifikia kwa zana za msr-tools ukiwa na mamlaka ya root. Lakini tahadhari, ndugu yangu: ukiandika namba mbaya kwenye rejista ya aina hii, mashine inaweza kuganda hapo hapo. Tena ukiwasha Secure Boot, mara nyingi kiini cha Linux, yaani kerneli, hukataa kabisa uandike humo.

Hapo ndipo utamu wa hadithi. Kerneli ndiyo msimamizi wa mashine nzima. Je, iwape watu swichi rasmi, salama, yenye jina linaloeleweka, au kila mtu apapase rejista gizani?

Kwa prosesa za POWER za IBM, Linux ina faili iitwayo dscr_default: unaandika namba, uchotaji unabadilika. Nao Fujitsu, waliotengeneza prosesa ya A64FX iliyomo kwenye Fugaku, kompyuta ya Japani iliyoongoza duniani kuanzia Juni 2020 hadi Mei 2022, walipendekeza Linux iwe na faili kama hizo kwa A64FX na kwa Intel pia.

Usidhani ni mchezo wa wakubwa tu. Fikiria kivuko cha Likoni. Foleni ikiwa fupi, hakuna ubaya feri kubeba mizigo ya mtu ambaye labda atasafiri. Lakini saa ya msongamano, mzigo huo wa kubahatisha unamnyima nafasi abiria aliyekata tamaa kwa kungoja. Mwaka 2024 wahandisi wa Google walieleza mfumo wao, Limoncello, unaofanya hivyo hasa: njia ya kwenda RAM ikijaa, seva inazima wachotaji. Njia ikipungua msongamano, inawawasha tena.

Halafu kuna suala la siri zako. Machi 2024 watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani walitangaza udhaifu walioupa jina GoFetch. Kwenye prosesa za Apple za M1, M2 na M3, mchotaji mmoja huangalia hata maudhui ya data yenyewe, na kwa kufuatilia anachokichota, programu mbaya inaweza kukisia funguo za siri za programu nyingine. Kwenye M3 kuna namna ya kumzima wakati wa kazi nyeti. Kwenye M1 na M2, watafiti walisema, hakuna. Swichi isiyokuwepo huwezi kuibonyeza.

Na laptopu yangu? Nilihifadhi video zote kwanza, nikazima wachotaji wote wanne, nikarudia kazi ile ile. Ikazidi kujikokota! Video husomwa kwa mfululizo, kwa hivyo wale wachotaji walikuwa wananisaidia kimyakimya. Nikaizima na kuiwasha, swichi zikarudi zilivyokuwa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa feni iliyojaa vumbi na hard disk iliyochoka. Nilipiga vumbi, nikaweka SSD, na mpaka leo tunapiga kazi na mashine ile ile.

Kwa hivyo usikimbilie kuzima chochote. Lakini pia usikubali kuambiwa "nunua nyingine" kabla hujauliza kuna nini ndani. Msimbo wa kerneli ya Linux uko wazi. Msomaji wa Msambweni anaona mistari ile ile anayoiona mhandisi wa Tokyo, na hakuna mlangoni anayekuuliza cheti.

Mimi ningeambiwa hivyo siku niliyofunga virago chuoni, ningelia kidogo kuliko nilivyolia.