Sikukuu za Mavuno na Akiba ya Ghalani



Vitabu vingi huyaita majira ya Septemba hadi Novemba huko Ulaya "vuli". Neno hilo lisitupotoshe. Vuli ya wenzetu wa pwani na kaskazini ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Sisi wa Songwe tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au mapema Mei. Vuli ya Ulaya si mvua, bali ni kipindi ambacho majani hupukutika na mazao huingizwa ghalani kabla ya baridi kali.

Katika kipindi hicho mataifa mengi husherehekea mavuno. Wajerumani hupamba madhabahu ya kanisa kwa nafaka na matunda, aghalabu Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Wachina hula keki za mwezi siku ya 15 ya mwezi wa nane wa kalenda yao ya jadi. Wamarekani hula bata mzinga na maboga Alhamisi ya nne ya Novemba. Asili ya sherehe hizo ni moja: mkulima hufurahi akijua kwamba chakula cha miezi ya baridi kimekwisha hifadhiwa.

Kwetu furaha hiyo huja Juni hadi Agosti. Mahindi, maharage na ulezi vimevunwa, kimpumu kinapikwa, harusi ni nyingi, na kahawa ya Mbozi inachumwa. Tarehe 8 Agosti ni Nane Nane, ambayo kanda yetu huiadhimisha katika Viwanja vya John Mwakangale, Mbeya. Hakuna ubaya katika kusherehekea. Ubaya ni kuanza sherehe kabla ya kuhesabu.

Miezi hiyo ndiyo malori ya wanunuzi hujaa vijijini na bei huwa ya chini. Mwanachama huuza gunia la rumbesa ili apate fedha za sherehe. Ifikapo Januari, jembe likiwa mkononi, hununua debe lile lile kwa bei ya juu, au huomba mkopo kwa kuahidi kahawa ambayo haijaiva.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kaya inayokula debe 4 za mahindi kwa mwezi, kuanzia Julai hadi mwisho wa Aprili, yaani miezi 10, yahitaji debe 40. Kwa debe 6 kila gunia, hayo ni magunia 6 na debe 4. Ongeza mbegu, ikiwa huweka mbegu yako mwenyewe. Kausha vizuri na uhifadhi kwa kujikinga na dumuzi. Kinachobaki ndicho cha kuuza, tena kwa mizani, na ndicho cha karamu.

Makatibu mnaombwa kuliweka jambo hili katika ajenda ya mkutano wa wanachama mwezi Mei, kabla malori hayajafika. Mwanachama mwenye njaa hawezi kukingojea chama chake kitafute bei nzuri.