KUCHAGUA PULI YA KRANKSHAFTI KWA GARI LA CHAMA

Gari la chama ni mali ya wanachama wote, na hakuna wakati ambapo kusimama kwake huleta hasara kubwa kama msimu wa mavuno. Mazao hukaa ghalani, gari la kukodi hulipiwa, na mkulima hucheleweshewa malipo yake. Miongoni mwa vipuri ambavyo Kamati huidhinisha bila maswali mengi ni puli ya krankshafti, yaani lile gurudumu la chuma lililo mbele ya injini ambalo huzungusha mikanda ya feni, ya pampu ya maji na ya alteneta. Katika ankara huandikwa "puli" tu, na kwa sababu hiyo bei ndogo ndiyo hushinda. Makala haya yanaeleza kwa nini kipuri hicho chastahili kuangaliwa kwa makini zaidi.

Kazi ya puli

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya puli ni kuzungusha mikanda peke yake. Katika injini nyingi, hasa za silinda sita na za dizeli, puli hiyo ina kazi ya pili iliyo kubwa zaidi, nayo ni kutuliza mtetemo wa krankshafti.

Kila mafuta yanapowaka ndani ya silinda, pistoni huisukuma krankshafti kwa nguvu na kuisokota kidogo, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Nguvu hiyo ikipungua, chuma hurudi kilipokuwa, kama fimbo iliyopindwa ikaachiwa. Injini ya mipigo minne yenye silinda sita hupata misukumo mitatu katika kila mzunguko. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, krankshafti hupata misukumo 6,000 kwa dakika, yaani 100 kwa kila sekunde. Upo mwendo ambapo misukumo hiyo hulingana na mtetemo wa asili wa chuma chenyewe. Hapo msokoto huongezeka mara kwa mara hata chuma kikapata ufa, na mwisho kikakatika.

Jambo hili liliwasumbua sana watengenezaji wa magari mwanzoni mwa karne ya 20, walipoanza kuunda injini za silinda sita zenye krankshafti ndefu. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alikuwa miongoni mwa wa kwanza kubuni kituliza mtetemo, mnamo mwaka 1910.

Namna kituliza mtetemo kilivyoundwa

Puli ya aina hii ina sehemu tatu: kitovu kinachofungwa kwenye krankshafti, pete nzito ya nje, na mpira uliobanwa kati yake. Kitovu kikitetemeka, pete kwa uzito wake huendelea na mwendo ule ule. Mpira huvutwa huku na huku na kuugeuza mtetemo kuwa joto. Injini nyingi kubwa za malori hutumia aina nyingine, ambayo pete yake imo ndani ya kasha lililozibwa na kujazwa mafuta mazito ya silikoni. Kasha hilo likibonyezwa, hata kwa pigo moja la nyundo, pete huweza kukwama ndani na kituliza kikawa hakina kazi tena.

Dalili za ubovu

Mpira huzeeka kwa joto, kwa miaka na kwa mafuta yanayovuja. Dereva na fundi waangalie mpira uliopasuka au kutokeza nje, pete inayoyumba injini ikiwa inawaka, na mkanda unaoliwa upande mmoja. Kipimo chepesi ni kuchora mstari mmoja wa rangi kuanzia kitovuni hadi kwenye pete. Baada ya siku kadhaa za kazi mstari utazamwe injini ikiwa imezimwa. Mstari ukiwa umekatika, na nusu moja imehama, mpira umeachia na puli haifai tena. Alama ya majira ya injini iliyo juu ya pete hiyo nayo huwa ya uongo, na fundi anayeifuata atakosea.

Puli za magari ya mashindano

Madukani zipo pia puli nyepesi za alumini zenye kung'aa, ambazo asili yake ni magari ya mashindano. Muuzaji husema kwamba zinaongeza nguvu. Ni kweli kwamba uzito ukipungua injini hupandisha mwendo upesi zaidi. Lakini puli hizo nyingi ni kipande kimoja kisicho na mpira, na kuifunga mahali pa kituliza mtetemo ni kuiacha krankshafti bila kinga. Iwapo puli ya asili haikuwa na kituliza, kama ilivyo katika baadhi ya injini ndogo, hatari hiyo haipo.

Nyingine ni ndogo kwa kipenyo. Puli ya milimita 160 ikibadilishwa kwa ya milimita 128, pampu ya maji na alteneta hupungukiwa mwendo kwa asilimia 20. Lori lililojaa mazao, likipanda mlima kwa gia ndogo, ndilo linalohitaji maji yazunguke vizuri.

Baadhi ya vituliza vya mashindano hubeba alama ya SFI 18.1 ya Marekani. Alama hiyo yahusu usalama, yaani kipuri kisipasuke kwa mwendo mkali. Haithibitishi kwamba kinaifaa injini ya chama.

Aidha, puli mbili zinaweza kulingana kwa umbo zisilingane kwa mizani. Injini ya Chevrolet V8 ya inchi za mjazo 400 huhitaji kituliza chenye uzito wa ziada upande mmoja, lakini ile ya 350 hutaka kisicho na uzito huo. Kuzibadilishana ni kuitikisa injini hadi beringi ziharibike.

Wajibu wa katibu na Kamati

1. Hati ya kuagiza itaje aina ya injini, namba yake, na namba ya kipuri iliyomo katika kitabu cha gari.

2. Ankara za kulinganishwa ziwe za kipuri cha aina moja. Puli yenye kituliza na puli tupu si bidhaa moja.

3. Kipuri kipokelewe mbele ya fundi, kikiwa na puli ya zamani kando yake: kipenyo, idadi ya mifereji ya mikanda, mpira na alama ya majira vilinganishwe.

4. Puli ya zamani ing'olewe kwa kifaa cha kuvutia kinachoshika kitovu. Kuvuta pete ya nje hupasua mpira. Mpya isipigwe nyundo, na bolti ikazwe kwa spana ya kipimo kama kitabu kinavyoagiza.

5. Tarehe na kilomita ziandikwe katika daftari la gari.

Krankshafti ikikatika, injini yote hufunguliwa, na mara nyingi hununuliwa nyingine. Fedha hizo hutoka katika mazao ya wanachama, nao wana haki ya kuuliza katika Mkutano Mkuu kilichonunuliwa kilikuwa nini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.