Unga wa Kichochoroni Una Nini Ndani?

Msomaji, pakiti ya unga wa ugali unayonunua dukani ina alama ya ubora. Ule unga mwingine, heroini inayouzwa kwa kete, hauna. Anayeununua hajui umechanganywa na nini wala una nguvu kiasi gani, na wengi hufa kwa kutojua huko.

Katika nchi kadhaa kuna huduma ya kupima dawa za kulevya kabla hazijatumiwa. Uholanzi ilianza mwaka wa 1992. Mtu hupeleka sampuli bila kutaja jina, akaelezwa kilichomo na kupewa ushauri. Haambiwi kwamba dawa ni salama. Pengine utauliza: je, huko si kuwapa moyo waraibu? Swali ni la haki, lakini anayefika hapo amekwisha kununua. Asipopimiwa, ataitumia vivyo hivyo.

Umuhimu wa huduma hii ulionekana British Columbia, Kanada, ambako hali ya dharura ilitangazwa Aprili 2016 kutokana na vifo vingi. Fentanili, yenye nguvu mara 50 hivi kuliko heroini, ilikuwa imeingia katika dawa za mitaani. Kipimo chake rahisi ni kikaratasi. Chembe huyeyushwa majini, kikaratasi huchovywa, kisha mistari husomwa. Kwa vikaratasi vingi, mstari mmoja maana yake fentanili imo, miwili haikuonekana. Kinyume kabisa cha kile kipimo cha mimba ambacho wengi wamekizoea! Tena hakisemi ni kiasi gani, na kwa kuwa dawa haichanganyiki sawasawa, chembe iliyopimwa yaweza kuwa safi na iliyobaki ikaua.

Hata hivyo, kipimo kizuri hakimfai asiyeweza kukifikia. Huko Wales, tangu 2013, sampuli hutumwa kwa posta na majibu hutafutwa kwa namba badala ya jina. Hilo humfaa aliye mbali na mwenye haya. Mwenye arosto, anayetetemeka na kutapika, hawezi kungoja posta. Huyo anahitaji kikaratasi pale alipo, dakika ile ile. Nyuzilandi nayo ilipitisha sheria ya kudumu mwaka wa 2021 ili wapimaji wenye leseni wafanye kazi bila hofu ya kushtakiwa.

Kwetu Kenya, chini ya sheria ya mihadarati ya 1994, kubeba hata kete moja ni kosa. Nani atapita mbele ya askari akiwa na sampuli mfukoni? Nauli nayo ni kikwazo. Waraibu wanaopewa methadoni, iliyoanza Mathari Desemba 2014, hutakiwa kufika kliniki kila siku, na aliyekosa nauli hukosa dozi. Kwa maoni yangu, vikaratasi vingeanzia mikononi mwa wale wanaozunguka maskani wakigawa sindano safi. Hao wanajulikana tayari, na mraibu hawakimbii.