Sumaku Ndogo Kwa Iyafoni Zako: Chuma Ndiyo Misuli, Neodimi Ndiyo Kichwa Ngumu

Chukua zile iyafoni zimekufa upande mmoja uzipasue. Ndani utapata kidude kama punje ya dengu, na sindano ikikaribia inarukiwa mara moja. Hiyo ni sumaku ya neodimi. Wakubwa wake ndio wanazungusha mota za boda nyingi za stima, zile zinakupita kimya kimya mtaani.

Jina linadanganya kidogo, juu neodimi si wengi humo. Kwa kila atomu 17, 14 ni chuma, mbili neodimi, moja boroni. Sasa mbona msumari wa kawaida hauwezi hiyo kazi?

Chuma haikosi nguvu, inakosa msimamo. Elektroni zake zenye usumaku zinajichanganya na za majirani, na kuzigeuza ni rahisi. Leo kaskazini kesho kusini, kama mwanasiasa karibu na uchaguzi. Neodimi ni mambo mengine. Elektroni zake tatu zimejificha ndani kabisa ya atomu, na wingu lao si duara kama mpira, limelala kama chapati. Atomu zilizoizunguka zinaibana hiyo chapati ikae upande mmoja tu, na usumaku wake umefungwa hapo hapo. Ukitaka kugeuza usumaku, lazima ugeuze chapati nzima. Jaribu! Na juu neodimi na chuma zimeshikana, chuma nayo inalazimika kutulia. Boroni inasaidia tu watu wakae kwa mpangilio.

Hii kitu ilitafutwa sana baada ya vita, na vita yenyewe haikuwa mbali. Zamani sumaku kali zilikuwa za samari na kobalti, na kobalti nyingi ya dunia ilitoka Shaba, Zaire, yaani Katanga ya Kongo. Mwaka wa 1978 waasi wakavamia Kolwezi, bei ikapaa, wasee wakaanza kusaka sumaku ya chuma. Kufika 1983, Masato Sagawa wa Japani na John Croat wa General Motors huko Marekani, kila mtu kivyake, wakatokea na mchanganyiko ule ule.

Adui yake ni joto. Ile ya kawaida ikipita nyuzi 80 hivi inaanza kulegea, na ikifika kama 312 usumaku umeisha kabisa. Sasa fikiria mota inapanda mlima na abiria wawili na gunia. Ikichemka sana itaendelea kuzunguka, haijavunjika popote, lakini ile nguvu ya mwanzo huioni tena.

Dawa ni kuongeza disprosi, ambayo ni kaidi kuliko neodimi. Shida ni kwamba usumaku wake unaangalia upande wa pili wa chuma, so unakula nguvu ya jumla. Na bei yake si ya mchezo. Kwa hivyo ukiuziwa mota ya boda kwa bei ya kutupa, usiulize kasi pekee. Uliza sumaku zake zinavumilia nyuzi ngapi.