Louis Braille, Mwalimu wa Vipofu

Louis Braille alikuwa Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Louis alipokuwa mtoto wa miaka 3 alichezea chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi, kikamchoma jicho. Ugonjwa ukaenea hata jicho la pili, akawa kipofu kabisa.

Mwaka 1819 alipelekwa Paris katika shule ya vipofu. Vitabu vyao vilikuwa vichache na vizito, vyenye herufi kubwa za kupapaswa. Kusoma kulikuwa taabu, na kuandika taabu zaidi. Kisha Louis akapata habari za mwandiko wa nukta uliobuniwa na Charles Barbier, mtu wa jeshi. Kila alama yake ilihitaji hata nukta 12, nyingi mno kwa ncha ya kidole. Louis akazipunguza zikawa 6, naye alikuwa kijana wa miaka 15 tu.

Wakubwa wenye macho hawakuupokea upesi mwandiko huo, bali wanafunzi waliushika. Louis alikufa mwaka 1852; mwaka 1854 ndipo Ufaransa ilipoukubali. Leo vipofu wa lugha nyingi, na Kiswahili pia, husoma kwa nukta hizo.

Tena tuangalie: nukta hizo huandikwa kwa chuma chenye ncha, mfano wa kile kilichompofusha. Basi, mtoto kipofu akiwapo nyumbani mwetu, tusimfiche, tumtafutie shule.